Kiti cha Uchukuzi Huko Marekani na Siasa Zake

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wafanyakazi wa reli, bandari na mabasi, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumze juu ya namna mataifa makubwa yanavyowachagua wakuu wao wa uchukuzi. Mataifa ni mengi na muda wetu ni mfupi, kwa hiyo nitashika taifa moja tu, Marekani, ambalo limezoea kuyafundisha mataifa mengine jinsi ya kupata viongozi. Aghalabu watu hudhani kwamba katika nchi iliyoendelea kiasi kile kiti cha uchukuzi hupewa mhandisi, au mtu aliyekulia relini na gatini. La hasha. Tukiwapanga waliokikalia tangu mwaka 1967 tutawaona mawakili, magavana, mameya, wabunge na wakuu wa kampeni. Aliyeijua kazi yenyewe kabla ya kuapishwa yumo, lakini itabidi umtafute.

Wizara hiyo si ya kale. Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kuiunda tarehe 15 Oktoba, 1966, nayo ikafungua milango tarehe 1 Aprili, 1967, ikiwa na watumishi wapatao 95,000 waliokusanywa kutoka idara mbalimbali. Siasa ilitangulia kuingia kabla ya waziri mwenyewe. Johnson alitaka shughuli za meli za biashara nazo ziwe chini ya wizara hiyo, lakini vyama vya mabaharia na watetezi wao Bungeni wakakataa katakata, zikabaki nje hadi mwaka 1981. Naona wenzetu wa bandarini wanatabasamu. Waziri wa kwanza, Alan Boyd, alikuwa mwanasheria, lakini apewe haki yake: alikwisha kuongoza bodi ya serikali iliyosimamia mashirika ya ndege, na hakuingia ofisini akiwa mgeni.

Utaratibu wao ni huu. Rais hulipeleka jina katika Seneti, kamati humhoji mtu huyo hadharani, kisha maseneta wote hupiga kura. Ukiusikia hivyo utadhani ni chujio la matundu madogo sana. Lakini hebu tazameni kura zenyewe. Mwaka 2013 Anthony Foxx, aliyekuwa meya wa Charlotte, alipata kura 100 kwa sifuri. Mwaka 2017 Elaine Chao alipata 93 dhidi ya 6, na mumewe, Mitch McConnell, ndiye aliyekuwa kiongozi wa walio wengi katika Seneti hiyo hiyo. Yeye alijiandikisha kuwa yupo tu, bila kupiga kura ya ndiyo wala hapana. Mwaka 2021 Pete Buttigieg alipata 86 dhidi ya 13. Mawaziri wengine huko huponea chupuchupu, lakini wa uchukuzi hupita kwa urahisi. Kwa nini? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu kila seneta ana daraja bovu nyumbani kwao, na hakuna anayetaka kumuudhi mtu atakayeshika mfuko wa madaraja.

Huo mfuko, ndugu zangu, ndio kiini cha mambo. Mwezi Julai 1979 Rais Jimmy Carter alilivunjavunja Baraza lake la Mawaziri, na kiti cha uchukuzi akampa Neil Goldschmidt, meya wa Portland, kijana wa miaka 39 aliyesifika kwa kutetea usafiri wa umma mjini kwake. Sifa hizo zilikuwa za kweli. Lakini uchaguzi wa mwaka 1980 ulikuwa mlangoni, Carter alikuwa akipingwa na Edward Kennedy ndani ya chama chake mwenyewe, na meya anayewajua mameya wenzake alikuwa silaha ya thamani. Mwishoni mwa mwaka huo meya wa Chicago, Jane Byrne, akamwacha Carter na kumuunga mkono Kennedy. Waziri wa Uchukuzi hakukawia. Alitamka hadharani kwamba hana imani tena na meya huyo, na kwamba zile fedha ambazo waziri huzigawa kwa hiari yake, Chicago itazikosa pale itakapowezekana. Abiria aliyekuwa akingojea basi katika baridi ya mji ule hakumuunga mkono Kennedy wala Carter. Alikuwa anangojea basi. Wengine walishtushwa kwamba waziri alifanya hivyo. Mimi nashangaa zaidi kwamba hakuona haja ya kuficha.

Miaka miwili baadaye likaja jambo linalotuhusu sisi wafanyakazi, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Waongozaji wa ndege wa Marekani walikuwa na chama chao, kilichojulikana kwa jina la PATCO. Katika uchaguzi wa 1980 chama hicho kilimuunga mkono Ronald Reagan, naye akamwandikia kiongozi wao, Robert Poli, barua ya kuahidi kushughulikia vyombo vyao vilivyochakaa, uchache wao na saa zao za kazi. Reagan aliposhinda alimteua Drew Lewis kuwa Waziri wa Uchukuzi. Lewis alikuwa mfanyabiashara aliyemwongozea kampeni katika jimbo la Pennsylvania. Mwezi Juni 1981 Lewis na Poli walifikia mapatano, lakini wanachama wakayakataa kwa kura nyingi mno. Tarehe 3 Agosti waongozaji wapatao 13,000 wakagoma, ingawa sheria ilikataza watumishi wa serikali kugoma. Rais akawapa saa 48. Zilipokwisha, zaidi ya 11,000 walifukuzwa kazi, wakapigwa marufuku kuajiriwa tena katika kazi hiyo. Kabla mwaka haujaisha chama chao kilifutiwa uhalali wa kuwasemea. Marufuku ile haikuondolewa mpaka mwaka 1993, wakati wa Rais Bill Clinton, na wengi wao walikwisha kuzeeka au kushika kazi nyingine.

Naomba tusiwafanye malaika. Waliivunja sheria waliyoijua, na walikosea hesabu: walidhani barua ya mgombea ni mkataba. Lakini tujiulize waziri alikuwa wa nani katika mgogoro ule. Alikuwa wa aliyemteua. Deni lake la kisiasa lilikuwa kwa Rais, na mtu mwenye deni la aina hiyo hawezi kwenda kumwambia bwana wake kwamba mnara mtupu hauongozi ndege. Hata hivyo, Lewis huyo huyo alilisukuma ongezeko la kodi ya petroli, kutoka senti 4 hadi senti 9 kwa galoni, lililotiwa sahihi Januari 1983, na senti moja kati ya hizo ikatengwa kwa ajili ya usafiri wa umma mijini. Mtu wa siasa aliweza kulipitisha jambo ambalo pengine mhandisi angeshindwa. Ndiyo maana siamini kwamba dawa ni kuwapa wataalamu vyeti vyote vya uwaziri.

Mfano mwingine ni John Volpe. Huyu alianza kama fundi wa ujenzi, akawa mkandarasi, kisha gavana wa Massachusetts, na Richard Nixon alipomteua mwaka 1969 watetezi wa miji walisema barabara kuu zimepata mfalme. Mwaka huo huo akaifuta barabara kuu iliyokusudiwa kupita ukingoni mwa mtaa wa kale wa New Orleans. Lakini Volpe huyo huyo aliridhia barabara nyingine ipite katikati ya bustani ya Overton huko Memphis, na wananchi wakamshitaki hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1971 iliurudisha uamuzi wake ukapimwe upya. Basi mtu mmoja alitazamiwa kuharibu akaokoa, kisha akataka kuharibu akazuiwa na raia wa kawaida.

Norman Mineta alikuwa wa chama cha Democratic, lakini mwaka 2001 aliteuliwa na Rais wa Republican, George W. Bush. Alikwisha kuwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya ujenzi na uchukuzi, na utotoni alifungwa kambini pamoja na wazazi wake kwa kosa la kuwa na asili ya Japani. Tarehe 11 Septemba mwaka huo ndege zote za kiraia ziliteremshwa chini. Katika majuma yaliyofuata, abiria wenye majina ya Kiarabu walipotazamwa kwa jicho baya, Mineta alisimama kupinga watu wasichambuliwe kwa asili yao. Ujuzi huo wa kambini hauandikwi katika cheti.

Tarehe 28 Januari, 2025 Seneti ilimthibitisha Sean Duffy, mbunge wa zamani na mtangazaji wa televisheni, kwa kura 77 dhidi ya 22. Usiku uliofuata ndege ya abiria iligongana na helikopta ya jeshi karibu na uwanja wa ndege wa Washington, wakafa watu 67. Mnarani, mwongozaji mmoja alikuwa akizihudumia ndege na helikopta kwa pamoja. Sitamlaumu waziri wa siku moja. Lakini siku hiyo hiyo wizara yake ilitoa amri kwamba katika kugawa fedha, jamii zenye ndoa nyingi na uzazi mwingi kuliko wastani wa taifa zipewe kipaumbele. Chicago ya 1979 ilihukumiwa kwa chaguo la meya wake. Safari hii wananchi wanapimwa kwa vitanda vyao.

Kwetu Katiba, katika ibara ya 55, inamtaka Rais awateue mawaziri miongoni mwa wabunge, na Bunge humthibitisha Waziri Mkuu peke yake. Sisemi tuige Seneti. Mmekwisha kuona jinsi chujio lile linavyopitisha. Ila natamani tungeazima kile kikao cha maswali ya hadharani, tena swali la kwanza liulizwe na dereva au mshika bendera wa stesheni, waziri akiwa bado hajapewa ofisi.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa. Niko tayari kujibu maswali, na ningeomba waanze wenzetu wa bandarini, ambao wamekuwa wakinong'ona tangu nilipowataja mabaharia.