Saa, Mahali na Pua: Kutafuta Chanzo cha Chafya za Mfululizo



Mwezi Machi 1819, daktari John Bostock aliwaeleza waganga wenzake mjini London kisa cha mtu aliyemtaja kwa herufi mbili tu, J.B. Mgonjwa huyo alikuwa yeye mwenyewe. Tangu utotoni, kila ifikapo Juni, macho yalimwasha, chafya zikamjia mfululizo na kifua kikambana. Kufikia 1828 alikuwa amekusanya visa 28. Watu walikwisha kusema ni majani makavu ya malisho. Yeye akakataa, akalitupia joto lawama. Tena alijua kwamba akikaa pwani ya Kent hupata nafuu, ila hakujiuliza upepo wa baharini unakosa nini.

Jibu lilitoka kwa mgonjwa mwingine, Charles Blackley wa Manchester, naye daktari. Huyu hakubishana na mtu. Alimwita kila mtuhumiwa peke yake: joto, mwanga, ozoni, vumbi, kisha chavua za nyasi. Chavua akazivuta puani, akapiga chafya. Akakwaruza ngozi ya mkono, akazipaka hapo, pakavimba na kuwasha. Akatega nje vipande vya kioo vilivyopakwa kitu cha kunata na kuhesabu kwa darubini chavua zilizonaswa, siku baada ya siku. Hesabu ilipopanda, na yeye alizidi kuumwa. Halafu, na hapa ndipo ninapompenda zaidi, akafunga vioo hivyo kwenye kishada na kukirusha juu sana, akakuta kwamba chavua zimo hata huko. Kumbe mtu wa mjini asiye na shamba karibu naye hasalimiki. Kitabu chake kilitoka 1873, na Charles Darwin alimwandikia barua kuhusu kazi hiyo.

Waliofuata walieleza mwilini kunatokea nini. Mwili wa mwenye mzio hutengeneza kingamwili za aina ya IgE, zilizotambuliwa katika miaka ya 1960, nazo hukaa juu ya seli za utando wa pua. Chavua ikizigusa, seli humwaga histamini, neva husisimka, na ndani ya dakika chache mtu anapiga chafya kumi bila kupumua vizuri.

Sasa mchukueni mkazi wa Dar es Salaam anayeamka na chafya mwaka mzima. Hana majira, basi nyasi siyo mtuhumiwa wa kwanza. Namuuliza: zinaanza ukiwa bado kitandani, au ukishafika uani? Ukilala ugenini je? Mto wako ni wa sufi, na una miaka mingapi? Nikisikia kwamba akisafiri hupona na akirudi chumbani kwake huanza tena, nashuku utitiri wa vumbi, mdudu wa takriban robo milimita ambaye watafiti wa Leiden, Uholanzi, walimhusisha na mzio wa vumbi la nyumbani katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Hali damu, hula magamba ya ngozi yetu. Hanywi maji pia, huyafyonza kutoka hewani, ndiyo maana hewa yetu ya pwani inamnenepesha. Kinachotuumiza zaidi ni kinyesi chake. Chembe zake ni nzito, zikirushwa hewani hutua upesi. Kwa hiyo pua hukutana nazo hasa uso ukiwa juu ya mto au kitanda kikikung'utwa.

Kipimo kipo: tone la kiini cha mtuhumiwa juu ya ngozi, kichomo kidogo, kusubiri dakika 15 hadi 20. Mgonjwa awe ameacha dawa za mzio siku kadhaa kabla, la sivyo ngozi itanyamaza. Lakini wako watu wengi ambao ngozi yao huvimba kwa mende au utitiri na pua zao ni salama kabisa. Kipimo bila historia ya mgonjwa kinaweza kumshitaki asiyehusika, na nimeona watu wakifukuza paka wa watu bure. Mimi huanza na daftari: saa, mahali, ulikuwa ukifanya nini.

Daftari hilo huwaokoa pia wasio na mzio wowote. Wengine huchokozwa na marashi, moshi, au baridi ya kiyoyozi. Wengine ni jua tu: wakitoka gizani kuingia kwenye mwanga mkali, chafya mbili tatu, basi. Hali hiyo hurithiwa, na makadirio mengi huitaja kwa watu kati ya asilimia 18 na 35. Haihitaji dawa. Dereva mwenye nayo, anayetoka kwenye maegesho ya chini ya ardhi saa sita mchana, avae miwani ya jua kabla hajawasha gari.