Tulipoitia Saruji Nyumba ya Bibi



Tarehe 25 Desemba mwaka 2020 nilikuwa zamu hapa London. Siku ya Krismasi chumba chetu cha habari huwa na watu wachache, na habari zenyewe huwa chache vilevile. Ndipo ikaja simu kutoka Zanzibar, kisha zikaja picha: Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lilikuwa limeporomoka upande wa mbele, na mnara wake wa saa, ambao kila aingiaye bandarini huutafuta kwa macho, haukuwapo tena. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba lilikuwa katika ukarabati, na mafundi walikuwa kazini.

Jumba lile lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliupiga mizinga ufukwe ule kwa muda usiotimiza saa moja. Jirani yake, Beit al-Hukm, ikaangamia, lakini Beit al-Ajaib ikasalia wima. Baadaye likawa ofisi za wakoloni, likayashuhudia Mapinduzi ya 1964, na mwishowe likawa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake moja ilikatika, milango ikafungwa kwa umma. Serikali ya Oman ikajitolea kugharimia matengenezo. Naam, ni katika matengenezo hayo ndipo lilipoanguka.

Niliiandika taarifa ile kwa utulivu, kama tulivyofundishwa chuoni. Nilipofika nyumbani usiku, nilimpigia simu shangazi yangu Mkunazini. Sikumwuliza habari za Beit al-Ajaib. Nilimwuliza: "Ufa wa chumbani mwako umefika wapi?"

Leo basi sikuja kumshitaki mtu mwingine. Nimekuja kujishitaki mimi na ndugu zangu.

Nyumba ya bibi yetu ni ya ghorofa mbili, kuta zake nene kiasi cha urefu wa mkono. Ni moja katika majengo yapatayo 1,700 ya Mji Mkongwe, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kwa miaka mingi haikuguswa. Mabati ya paa yalitoboka, mvua ikapata njia, majani yakaota juu ya kuta. Mwaka 2014 sisi ndugu wanne, kila mmoja katika nchi yake, tuliamua kuitengeneza. Tulichanga. Tulitafutiwa fundi na jirani. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe hatukuomba, kwani tuliambiwa kwamba kazi ni "kupiga lipu tu". Tulituma fedha kwa mafungu, na kwa kila fungu tukadai picha.

Picha zilipendeza mno. Fundi aliibandua chokaa yote ya zamani iliyokuwa ikimomonyoka, akaupiga ukuta lipu ya saruji, laini kama kioo, kisha akaupaka rangi ya mafuta. Kaka yangu aliyeko Maskati alishauri choo cha kisasa kijengwe ghorofa ya juu, ili shangazi asiwe akishuka ngazi usiku. Dada yangu akagharimia tangi la maji la lita 1,000, likawekwa juu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwamba lita 1,000 za maji ni uzito wa tani nzima, na kwamba boriti zile ziliwekwa kubeba watu, mikeka na makasha.

Hapana budi nieleze kidogo namna nyumba hizi zilivyojengwa, maana tulipaswa kuyajua haya kabla ya kutuma shilingi ya kwanza. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Mawe yale hunyonya maji: ya mvua kutoka juu, na ya ardhini kutoka chini, yenye chumvi. Chokaa ni laini na ina matundu madogo, hivyo unyevu huingia na hutoka, na jua linapowaka ukuta hukauka. Saruji hainyumbuki pamoja na ukuta wa namna ile. Ukuta ukitikisika kidogo tu, saruji hupasuka nyufa nyembamba zisizoonekana. Maji hupenya humo, kisha hayana pa kutokea. Hubaki ndani yakitafuta mahali palipo dhaifu, na mahali hapo aghalabu ni ncha za boriti zilizozama ukutani. Mti wa mkoko ni mgumu sana, lakini ukikaa katika unyevu usiokauka huoza kama mti mwingine wowote.

Kamera haioni unyevu. Mwaka wa tatu chumvi nyeupe ilianza kuchomoza kwenye rangi. Mwaka wa tano lipu ikavimba, ikaanguka mapande mazima pamoja na vipande vya mawe. Shangazi alitueleza, nasi tukamtumia fedha za kupaka rangi upya. Naona haya kuyasema haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya msiba wa Beit al-Ajaib nilikwenda nyumbani. Tulimwita fundi mwingine, mzee aliyeanza kujifunza chokaa akiwa kijana. Alichoma msumari kwenye ncha ya boriti moja chini ya kile choo cha kisasa. Msumari ukazama wote kwa nguvu za kidole gumba. Akatazama juu, akasema, "Shangazi yako asilale humu leo." Hakusema zaidi. Jioni ile ile tulimhamishia chini, na tangi tukalimwaga.

Kukarabati vizuri kunawezekana. Ile zahanati ya kale iliyo ufukweni, aliyoanza kuijenga tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ilikuwa gofu. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utamaduni ya Aga Khan iliitengeneza kwa chokaa, na mafundi wa hapo hapo wakafunzwa upya kazi ya mababu zao. Kazi ilichukua miaka kadhaa. Sisi tulimpa fundi wetu wiki saba, kwa sababu kaka yangu alikuwa na likizo mwezi wa Agosti na alitaka aikute nyumba imekwisha.

Sasa tunaibandua saruji yetu wenyewe, na kuibandua kunagharimu kuliko kuipiga, kwa kuwa haitoki ila na jiwe. Mzee hutumia tindo ndogo, na siku nyingine hamalizi hata hatua mbili za ukuta. Chokaa imelowekwa kwenye shimo uani tangu mwaka jana. Hupigwa matabaka membamba, kila tabaka likifunikwa magunia mabichi ili lisikauke kwa pupa. Kaka yangu amechoka. Amepata mtu anayetaka kuinunua nyumba aifanye hoteli, na kila Ijumaa tunabishana kwa simu. Dada yangu hajasema yuko upande gani.

Shangazi naye hajaulizwa na mnunuzi wala na sisi. Juma lililopita alinieleza kwamba harufu ya uvundo imeanza kutoka sebuleni. Chumba chake cha juu bado kina magogo manne ya kuegemeza dari. Tabaka la pili litapigwa baada ya mvua za masika, na ametuagiza tusiombe picha yoyote hadi hapo.