Amri ya Nane: Uongo Uendao kwa Simu



Ndugu wapenzi, baba na mama, nanyi vijana mnaotusikiliza Beni, Butembo na vijijini kote: juma lililopita tulijifunza amri ya saba, inayotukataza kuiba. Leo tunafika kwa amri ya nane, inayotukataza kusema uongo. Mwivi huchukua mbuzi, na mbuzi hulipwa. Mwongo huchukua jina la mtu, na mara nyingine uhai wake. Huo utalipwa na nini?

Zamani habari ilitembea kwa miguu. Mtu alitoka sokoni Butembo, akafika kijijini jioni, nasi tuliomjua tuliyapima maneno yake. Sasa habari hufika kwa simu, kwa WhatsApp na kwa Facebook. Haina uso, wala hatujui nani aliyeisema kwanza. Simu si dhambi, kama vile ulimi si dhambi. Lakini tutatoa hesabu kwa Mungu juu ya vyote viwili.

Kumbukeni siku za Ebola. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umeingia Kivu ya Kaskazini, huko Mangina, karibu na Beni. Mwezi wa Septemba mwaka ule wachunguzi waliwauliza watu 961 wa Beni na Butembo, na zaidi ya robo yao walijibu kwamba Ebola haipo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao wamekufa.

Tusiwacheke wale walioukana. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga, na wengi walijiona wameachwa. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, ikatangazwa kwamba Beni na Butembo watangoja hata mwezi wa Machi, kwa sababu ya Ebola na ya vita. Rais mpya akaapishwa mwezi wa Januari bila kura zetu. Moyo uliojeruhiwa huamini upesi. Ndipo maneno yakaenea simu kwa simu: ugonjwa ni biashara ya wageni, sindano ya kinga ni sumu. Uongo ulikuwa umeota katika kidonda cha kweli.

Nayo matunda yake tuliyaona. Mwezi wa Februari 2019 nyumba za kutunzia wagonjwa huko Katwa na Butembo zilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, Wakristu wakiubusu Msalaba, watu wenye silaha walimwua Daktari Richard Mouzoko katika hospitali ya Butembo. Alitoka Kameruni kuja kututibu. Hatusemi kwamba simu ilifyatua risasi. Twasema kwamba uongo ulizoeza masikio yetu kumwita mganga adui.

Ndugu, hatusemi haya kama watu safi. Sisi wenyewe, katekista wenu, tulisikilizishwa sauti moja ya namna hiyo uani mwa kanisa, baada ya sala. Vijana wakatuuliza: «Mwalimu, ni kweli?» Hatukujua, nasi tuliona haya kusema kwamba hatujui. Tukatikisa kichwa, tukanyamaza. Jioni ile walisema kila mahali kwamba mwalimu ameafiki. Mama mmoja wa jumuiya yetu akaificha homa yake siku nne. Tulipomzika alikuwa ndani ya mfuko, wala hatukuruhusiwa kumgusa. Basi tulijua kwamba hata kunyamaza kwaweza kushuhudia uongo.

Lakini kweli nayo ilitembea. Waliopona walirudi kusimulia, na wengine wakawalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mwezi wa Agosti 2019 waganga walitangaza dawa mbili: katika wale waliofika mapema, virusi vikiwa vichache damuni, karibu 9 kwa 10 walipona. Siku nne si kitu kidogo.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya tarehe 24 Januari 2018 juu ya habari za uongo, alitukumbusha nyoka wa bustani ya Edeni. Nyoka hakuanza kwa uongo mtupu: alianza kwa kugeuza kidogo neno la kweli.

Sasa tujiulize na kujibu, nanyi mrudie nyumbani pamoja na watoto.

Ulizo: Habari ikifika katika simu, Mkristu afanye nini kwanza?
Jibu: Aulize nani ameisema, nani ameiona kwa macho, na nani ataumia ikiwa si kweli.

Ulizo: Asipojua?
Jibu: Aseme waziwazi: «Sijui.» Asiipeleke kwa mwingine.

Ulizo: Aliyekwisha kupeleka uongo, yatosha aungame kwa padri?
Jibu: Haitoshi. Kama aliupeleka kwa watu hamsini, apeleke kweli kwa hao hamsini.

Ndugu wapenzi, sisi tulisimama mbele ya jumuiya siku ya Dominika, tukalisema kosa letu. Ilikuwa vigumu, na yule mama hakufufuka. Lakini tangu siku ile vijana wakituuliza, hutungoja tufikiri.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya amri ya tisa. Bwana azilinde midomo yetu, na vidole vyetu pia. Amina.