Chupa ya Kwanza kwa Majeruhi wa Kichwa



Majeruhi wa pikipiki aliyeumia kichwa mara nyingi hufikishwa kwanza zahanati, kabla ya hospitali. Chupa ya kwanza ya maji anayotundikiwa huchaguliwa na ninyi, na uchaguzi huo waweza kumwokoa au kumdhuru.

Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka. Ukivimba, hujibana na kujinyima damu. Maji ya sukari, yaani dekstrozi ya asilimia 5, huchochea uvimbe huo: mwili huitumia sukari upesi, yakabaki maji matupu yanayopenya katika seli za ubongo. Kwa hiyo yasitumike kumwongezea maji majeruhi huyu. Sukari apewe pale tu kipimo kitakapoonyesha kuwa imeshuka.

Aanziwe maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yenye milimoli 154 za sodiamu kwa lita. Ringa lakteti ina milimoli 130 tu, nayo ni nyepesi kidogo kuliko damu. Ishike nafasi ya pili. Wala tusidhani kilicho ghali ndicho bora. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2007, uliohusu wagonjwa 460 walioumia ubongo, ulionyesha kuwa katika miaka 2 walifariki asilimia 33 ya waliopewa albumini, dhidi ya asilimia 20 ya waliopewa maji ya chumvi.

Hata hivyo, kumnyima maji kwa kuhofia uvimbe nako ni kosa. Kipimo cha juu cha shinikizo la damu kikishuka chini ya 90, ubongo hukosa damu na hatari ya kifo huongezeka.

Watumishi wenzangu, tengeni chupa za chumvi na za sukari katika rafu mbalimbali. Someni lebo kabla ya kutundika. Andikeni katika barua ya rufaa aina ya maji, kiasi na saa. Waheshimiwa madiwani, mnapopitisha bajeti ya dawa, kumbukeni kuwa maji ya chumvi yakikosekana, mkono wa muuguzi huishia kwenye chupa iliyopo.