MASHINE YA KUKATA MAJANI

Sisi tunaosukuma mashine ya majani twajua kuwa kisu chake hakichagui kati ya jani na kidole. Kabla ya kuiwasha, tuokote mawe na vipande vya waya. Penye mteremko tusukume kwa upande, si kupanda na kushuka. Majani marefu tuyapunguze theluthi tu, turudi siku nyingine. Yakikwama, tuzime, tungoje kisu kisimame, tuchomoe waya wa plagi, kisha tuyatoe kwa kijiti. Petroli itiwe injini ikisha kupoa.

Buti si zawadi: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Nyapara akituhimiza haraka, tukumbuke: majani huota tena, vidole havioti.