BUSTANI YA WATU WOTE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nataka kunena juu ya ardhi ya watu wote, na mfano wangu ni Balboa Park, bustani kuu ya mji wa San Diego, California, katika nchi ya Marekani.

Mwaka 1868 mji ule ulikuwa na watu elfu mbili na ushei tu. Hata hivyo wakuu wake walitenga eka 1,400 ziwe za watu wote. Lakini kutenga si kupanda: kwa miaka zaidi ya ishirini sehemu kubwa ilibaki vichaka na vumbi.

Mwaka 1892 Bibi Kate Sessions, muuza miche, alihitaji shamba la kuoteshea. Akafanya mapatano na mji: apewe kutumia eka 30 na kitu za bustani ile, naye kila mwaka apande humo miti 100, na kuupa mji miti 300 mingine ipandwe kwingineko. Haba na haba hujaza kibaba. Mingi katika miti ya kale iliyomo hata leo ni kazi ya mkono wake. Naye ndiye aliyeueneza mjini mle mjakaranda, mti ambao wenyeji wa Nairobi waujua sana kwa maua yake ya zambarau.

Leo mna bustani ya Kijapani, bustani ya waridi na bustani ya mipungate. Mna viwanja vya tenisi na gofu, birika la kuogelea, na uwanja wa duara wa mashindano ya baiskeli.

Walakini eka zimebaki 1,200 hivi. Nyingine zilimegwa kwa shule, barabara na hospitali ya jeshi la majini. Shule ni njema, hospitali ni njema, nani atakataa? Hapo ndipo penye hatari. Ardhi ya wote haichukuliwi usiku na mwivi. Humegwa mchana, kwa hati yenye sahihi, na kila mara kwa sababu njema.

Na hati hizo, ndugu zangu, hupita mikononi mwa makarani kama sisi. Basi tuonapo katika faili maneno “kipande kidogo tu”, yatupasa kumwekea mkubwa wetu mbele yake hesabu ya vipande vyote vilivyokwisha kutolewa, ndipo atie sahihi akijua.