Ahadi Kando ya Kitanda: Namna Wabudha Wanavyomsindikiza Anayekufa



Katika maandiko ya Kipali, ambayo ni miongoni mwa maandiko ya kale zaidi ya Wabudha, kuna habari za Nakulapita, yaani Baba Nakula, mtu wa nchi ya Bhagga huko India. Aliugua hadi akawa mtu wa kufa. Mkewe, Mama Nakula, alikaa naye, na hakuanza na habari za peponi. Alimsihi asife na dukuduku moyoni, kwa kuwa yeye ni hodari wa kusokota pamba: watoto watakula, nyumba itasimama. Hataolewa na mwanamume mwingine. Hamu yake ya kumwona Buddha na watawa itazidi, maadili atayashika, moyo wake umetulia, na mafundisho ameyaelewa. Hofu moja baada ya nyingine, aliitaja na kuijibu. Mzee akapona, akaenda kwa Buddha akijikongoja na fimbo, na Buddha akamwambia ni neema kwake kuwa na mke wa namna hiyo.

Naomba tutazame mpangilio wa maneno ya mama huyu. Chakula cha watoto kimetangulia, mafundisho yamekuja mwisho. Wabudha wanaamini kwamba hali ya moyo saa ya kufa ina uzito katika maisha yatakayofuata; kwa hiyo hofu ya deni au ya ada za shule haisukumwi kando ili sala zianze. Inashughulikiwa kwanza, tena kwa ahadi inayotekelezeka. "Utapona tu" haimtui mgonjwa mzigo wowote.

Ahadi ya namna hiyo inaweza kutolewa pia na kundi zima. Huko Japani, mwaka 986, watawa 25 wa Yokawa katika mlima Hiei waliwekeana agano la kusaidiana saa ya kufa. Kila tarehe 15 ya mwezi walikesha wakilitaja jina la Amida, Buddha waliyemtumainia saa ya kufa. Mmoja wao akizidiwa, wenzake walimuuguza kwa zamu, wawili wawili: huyu akitaja jina la Amida, yule akishughulikia mahitaji ya mgonjwa. Mtawa Genshin, aliyewaandikia kanuni nyingine mwaka 988, alikuwa tayari ameeleza katika kitabu chake, Ojoyoshu, namna ya kumhudumia anayekufa. Vyama vyetu vya kufa na kuzikana ni ndugu wa chama kile, ila vyetu huamka pumzi ikishakata: turubai, jeneza, rambirambi. Miezi ya kuuguza huachiwa mtu mmoja, mara nyingi mke au binti, mpaka naye anaishiwa nguvu. Zamu ya watu wawili inaweza kuingia katika katiba za vyama vyetu bila kugusa imani ya yeyote.

Matakwa ya anayekufa yanaweza kulindwa hata na sheria. Thailand, nchi yenye Wabudha wengi, ilipitisha mwaka 2007 sheria inayomruhusu mtu kuandika mapema kwamba hataki matibabu ya kurefusha tu kufa kwake.

Limebaki suala la mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ambalo wauguzi mtakutana nalo. Mgonjwa Mbudha anaweza kuikataa au kuomba ipunguzwe, akitaka akili yake iwe macho hadi mwisho. Aulizwe mapema, angali na utulivu wa kujibu, na aelezwe kwamba maumivu makali nayo huivuruga akili. Akibadili nia usiku wa manane, apewe dawa bila kukumbushwa alichosema mchana.